Somo la 6: Kukimbia Bila Kuumia na Bila Kupoteza Fedha

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kueleza sababu kubwa ya majeraha ya kukimbia, kupanga mazoezi yake hatua kwa hatua, na kupima madai ya wauzaji wa viatu na dawa kabla ya kutoa fedha zake.

1. Mguu ni chombo cha kazi

Ikombe ni kijiji kilichobanwa kati ya maji ya Ziwa Nyasa na miteremko ya Milima ya Livingstone. Wakisi wa mwambao huu wanasifika kwa ufinyanzi, na vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi kwenda kuuzwa upande wa Matema. Mahali kama hapa, mtu aliyeumia mguu hukosa mengi zaidi ya mazoezi. Hawezi kupanda shamba la mteremkoni, kusukuma mtumbwi majini wala kubeba mzigo. Kwa sababu hiyo kijana wa Ikombe, Matema au Kyela mjini anayetaka kuanza kukimbia anastahili kupewa ushauri uliopimwa kwa utafiti, si kwa maneno ya muuzaji.

Jambo la kwanza ni kwamba afya haihitaji kununuliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na kazi za kuimarisha misuli katika siku 2 au zaidi. Kulima, kupiga kasia na kutembea kwenda sokoni vinahesabiwa. Wengi wa wakazi wa mwambao huu tayari wamefikia kiwango hicho.

Hata hivyo, kuzoea kazi si kuzoea kukimbia. Mvuvi ana moyo na mapafu imara, na siku ya kwanza anaweza kukimbia mbali bila kuhema sana. Lakini mifupa ya goko na kano za visigino vyake hazijazoea kishindo cha kukimbia, nazo huimarika polepole kuliko pumzi. Hapo ndipo wengi huumia: pumzi inaruhusu kile ambacho mguu bado hauwezi kukibeba.

2. Sababu kubwa: kuzidisha ghafla

Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 kwa muda wa miezi 18. Majeraha yaliongezeka pale mtu alipokimbia katika siku moja umbali uliozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ule mrefu kuliko wote aliokimbia ndani ya siku 30 zilizotangulia. Waliozidisha umbali huo zaidi ya mara 2 waliumia kwa kiwango kilichozidi mara 2 kile cha wasiozidisha. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi peke yake kwamba jambo moja ndilo lililoleta jingine, lakini unatoa tahadhari iliyo wazi na isiyogharimu chochote.

Inafaa pia kujua kwamba ratiba ndefu pekee si kinga. Katika jaribio lililofanyika Groningen, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2008, wanaoanza kukimbia waligawanywa kwa kura: wengine walifuata ratiba ya wiki 13 iliyoongezeka taratibu, wengine ya wiki 8. Katika kila kundi, takriban mtu 1 kati ya 5 aliumia. Mlaji asitegemee ratiba aliyouziwa. Aangalie mwenendo wa mwili wake na asizidishe mbio za siku moja.

Kanuni ya kutumia: andika mbio ndefu kuliko zote ulizokimbia katika siku 30 zilizopita. Leo usizidi hapo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Asiye na kipimo cha umbali, na anayekimbia kwa mwendo ule ule, anaweza kutumia dakika: aliyefikia dakika 30 asizidi 33. Anayeanza kabisa achanganye kutembea na kukimbia kwa dakika chache chache, siku 3 kwa wiki, na apumzike siku moja kati ya zoezi na zoezi.

3. Mchanga na mteremko

Ardhi nayo ina hesabu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kukimbia juu ya mchanga hutumia nguvu mara 1.6 zaidi ya kukimbia kwa mwendo ule ule juu ya ardhi ngumu. Kwa hiyo nusu saa katika ufuko wa Matema hailingani na nusu saa barabarani. Mchanga ni mzuri kwa mazoezi, ila upunguze muda unapoanza kuutumia.

Kushuka mlima huonekana rahisi kwa sababu pumzi haipotei. Lakini wakati wa kushuka misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, na maumivu yake hutokea kesho yake au keshokutwa. Mpandie mlima kwa kukimbia ukiweza, ushuke kwa kutembea katika majuma ya mwanzo. Na kwa kuwa Kyela ni tambarare yenye joto na unyevu mwingi, kimbia alfajiri au jioni.

4. Viatu: nini cha kulipia

Muuzaji anaweza kukutazama unyayo na kukuambia kwamba bila kiatu cha aina fulani utaumia. Dai hilo limechunguzwa. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2022, yaliyojumuisha majaribio 12 na watu zaidi ya 11,000, yaliona kwamba kumchagulia mtu kiatu kwa kufuata umbo la unyayo huenda hakupunguzi majeraha. Sehemu kubwa ya ushahidi huo ilitoka kwa askari wa Marekani waliokuwa mafunzoni.

Hivyo bei kubwa si kinga. Unaponunua kiatu, kipya au cha mtumba, kagua haya:

(a) Vaa viatu vyote viwili, utembee na kukimbia kidogo. Kisichokustarehesha dukani hakitakustarehesha njiani.
(b) Vidole vipate nafasi, na kisigino kisichezecheze.
(c) Kunja soli uone kama gundi imeachia. Kiweke juu ya meza. Kikiinamia upande mmoja, kimeshalika.
(d) Dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani.

Aliyezoea kukimbia pekupeku halazimiki kuacha, na aliyezoea viatu halazimiki kuvivua. Kinachodhuru ni kubadili ghafla. Kiatu kipya kianze kwa mbio fupi.

5. Dawa za maumivu

Wapo wanaomeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ili wasisikie maumivu. Katika mbio za marathoni za Bonn, Ujerumani, mwaka 2010, karibu nusu ya wakimbiaji waliojibu maswali ya watafiti walikuwa wamemeza dawa za maumivu kabla ya kuanza. Watu 9 walilazwa hospitalini baadaye, na wote walikuwa katika kundi hilo. Dawa hizi zinaweza kudhuru tumbo na figo, hasa mwili unapopungukiwa maji. Usimeze dawa ili ukimbie. Ukihitaji dawa, nenda duka la dawa lililosajiliwa, na umweleze mtoa dawa kama una vidonda vya tumbo, ujauzito, shinikizo la damu au tatizo la figo.

6. Mambo mawili yanayoaminiwa mno

"Kukimbia huharibu magoti." Mapitio ya mwaka 2017 yaliona ugonjwa wa kusagika kwa maungio ya goti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujiburudisha, na kwa asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Kwa wakimbiaji wa mashindano ya juu ilikuwa asilimia 13.3. Kukimbia kwa kiasi hakujaonekana kuwa adui wa goti.

"Mwanariadha wa kweli huvumilia." John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho akichechemea. Taifa linamheshimu kwa haki. Lakini ile ilikuwa siku moja ya mashindano makubwa kuliko yote, si mfano wa mazoezi ya Jumanne asubuhi.

7. Lini kusimama, lini kwenda zahanati

Uchovu wa misuli unaoisha ndani ya siku chache ni wa kawaida. Maumivu yanayozidi kadiri unavyokimbia, au yanayokufanya uchechemee, ni amri ya kusimama. Kifundo kilichoteguka kifungwe kwa bendeji isiyobana mno, kiinuliwe, na kianze kutikiswa taratibu maumivu yanapopungua. Kisikandwe kwa nguvu siku za mwanzo.

Nenda zahanati bila kuchelewa ukiona:

(a) maumivu ya mfupa katika sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, hasa yanayouma hata usiku;
(b) kushindwa kukanyaga hatua 4;
(c) mguu kupinda, kufa ganzi, au shavu la mguu mmoja kuvimba;
(d) maumivu ya kifua, kuzirai au kuchanganyikiwa.

Maswali ya kujipima

1. Mbio zako ndefu kuliko zote katika siku 30 zilizopita ni dakika 40. Leo usizidi dakika ngapi? (Jibu: 44.)
2. Muuzaji anadai kiatu chake huzuia majeraha. Utamtaka akuonyeshe nini, na wewe mwenyewe utakagua nini?
3. Taja sababu mbili za kutomeza dawa ya maumivu kabla ya kukimbia.