Je, ninaweza kumpangisha mtu nyumba niliyopanga?

Swali: Nimelipa kodi ya mwaka mzima ya nyumba Dar es Salaam. Nimehamishiwa kazi Dodoma na imebaki miezi saba. Je, naweza kumweka mpangaji mwingine?

Jibu: Unaweza, ila usimkabidhi mtu funguo kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji apate kwanza ridhaa ya maandishi. Naye mwenye nyumba hapaswi kukataa bila sababu ya msingi. Neno la simu halitoshi, wala la dalali.

Ukishaipata barua ya ridhaa, andikeni mkataba wenu wewe na mpangaji mpya. Taja kiasi cha kodi, tarehe ya mwisho isiyozidi ile ya mkataba wako, nani analipa maji na umeme, na hali ya nyumba: vitasa, mabomba, madirisha. Ambatisha nakala za vitambulisho na barua ya ridhaa, mashahidi wasaini, kisha lipia ushuru wa stempu. Bila stempu, mahakama inaweza kuukataa mkataba huo kama ushahidi.

Kumbuka, mkataba wako wa awali bado unakufunga. Mpangaji mpya akivunja choo, utakayedaiwa ni wewe. Ukitaka kujitoa kabisa, omba mwenye nyumba aingie mkataba mpya na mpangaji huyo.