Majira ya Cheche katika Injini Ndogo ya Petroli

Katika Milima ya Upare, maji ya mifereji hukusanywa tangu zamani katika ndiva, yaani mabwawa madogo ya jadi, kisha huteremka yenyewe hadi mashambani. Kazi hiyo haihitaji injini. Lakini maji yaliyo bondeni hayapandi yenyewe. Hapo mkulima huhitaji pampu, na pampu nyingi ndogo huendeshwa na injini ya petroli yenye silinda moja. Injini za namna hiyo ndizo zilizofungwa pia katika trekta ndogo za bustani za zamani, kwa mfano injini za Kohler za mfululizo wa K. Injini ikipoteza nguvu wakati mahindi yanatoa mbelewele, mavuno yamo hatarini. Makala haya yanaeleza wakati ambao cheche ya plagi inapaswa kuruka, na namna ya kuupima wakati huo.

Kwa nini cheche hutangulia

Huenda msomaji akadhani kwamba cheche huruka pistoni ifikapo kileleni mwa silinda. Sivyo. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mara moja. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa, nao huchukua muda. Kwa hiyo cheche hutangulia, ili msukumo mkubwa kabisa wa gesi upatikane pistoni ikiwa imeanza tu kushuka. Katika injini za Kohler tulizozitaja, cheche hutakiwa nyuzi 20 kabla ya kilele. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nyuzi hizo hupita katika muda unaozidi kidogo tu sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde. Ndiyo maana sikio peke yake halitoshi.

Cheche ikichelewa, gesi hutoka nje zingali zikiungua. Nguvu hupungua na vali ya kutolea moshi huungua. Ikiwahi mno, moto huikabili pistoni ingali inapanda. Injini hugonga, na anayeivuta kwa kamba aweza kuumizwa mkono.

Namna ya kupima

Cheche hutokea pale vidole viwili vya kukatia umeme, ambavyo mafundi huviita platini, vinapoanza kuachana.

1. Zima injini, ondoa waya wa plagi, kisha fungua plagi ili injini izunguke kwa wepesi.

2. Safisha platini. Zungusha injini hadi ziachane kabisa, upime nafasi yake kwa filageji. Kipimo cha kuanzia ni milimita 0.5.

3. Ondoa waya wa koili kwenye platini. Unganisha betri, taa ndogo na platini kwa mfululizo. Platini zikigusana taa itawaka, zikiachana itazimika.

4. Ziba tundu la plagi kwa kidole na uzungushe injini polepole, kwa upande inaozungukia kazini, hadi usikie hewa ikisukuma. Toa kidole, endelea polepole, na utazame alama ya S juu ya flaiwili, lile gurudumu zito. Taa izimike alama hiyo ifikapo katikati ya tundu la kuchungulia. Alama ya T, inayofuata, ni ya kilele.

5. Taa ikizimika kabla ya alama, cheche inawahi: punguza nafasi ya platini. Ikizimika baadaye, inachelewa: ongeza nafasi. Ikiwa nafasi inayohitajika imepotoka mbali na milimita 0.5, platini zimechakaa, weka mpya.

Injini za aina nyingine zina vipimo vyake, na hizo zifuatwe.

Mlima nao

Mji wa Same uko kwenye kimo cha mita zipatazo 870, na kilele cha Shengena hufikia mita 2,462. Kadiri tunavyopanda, hewa huwa nyepesi, na injini ya namna hii hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100. Kwa hiyo injini iliyopandishwa kutoka Same hadi mita 1,500 hupoteza takriban asilimia 6, hata kama haina ubovu wowote. Asisogeze cheche anayetaka kuirudisha nguvu hiyo: kilichopungua ni hewa. Ni kweli kwamba moto husambaa polepole kidogo katika hewa nyepesi, lakini tofauti hiyo ni ndogo. Linalofaa ni kupunguza petroli katika kabureta ilingane na hewa iliyopo, na kusafisha chujio la hewa, hasa baada ya kazi katika vumbi la tambarare.

Zoezi

Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, nyuzi 20 hupita katika muda gani? Msomaji akipata sehemu 1 ya 450 ya sekunde, amekwisha kuelewa kwa nini taa ndogo na betri hushinda kubahatisha.