Neva ya Jino Ikikuamsha Usiku

Maumivu ya neva ya jino yana roho mbaya: mchana yanavumilika, ukishaweka kichwa kwenye mto jino linaanza kupwita. Sababu ipo. Neva na mishipa ya damu imefungiwa ndani ya jino, kwenye kuta ngumu, kwa hiyo ikivimba haina pa kutanukia. Ukilala chali, damu inaongezeka kichwani na shinikizo humo ndani linapanda. Ndiyo maana gego langu liliposumbua, kitu cha kwanza kilichonipa nafuu ni mito miwili ya ziada. Nililala nusu nimekaa.

Kabla ya dawa yoyote, safisha. Maji ya uvuguvugu glasi moja, chumvi nusu kijiko cha chai, sukutua taratibu kisha tema. Pitisha na uzi wa meno, maana wakati mwingine adui ni unyuzi wa nyama au wa embe uliojichomeka kwenye tundu. Barafu nayo inasaidia: ifunge kwenye kitambaa, uiweke shavuni kwa nje, dakika kumi na tano hivi.

Halafu karafuu. Hapa bibi zetu wa Unguja na Pemba hawakubahatisha: mafuta yake yana yujinoli, kemikali inayotia ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Ile harufu ya kliniki ya meno ndiyo hiyo. Chukua pamba ndogo kama punje ya mchele, idondoshee tone moja la mafuta, ikamue, kisha iingize kwenye tundu kwa kijiti. Inawasha, mate yanajaa, ulimi unakuwa mzito. Vumilia, baada ya muda mfupi jino linatulia. Usiyamwage kwenye ufizi, yanaunguza. Usiyameze, na watoto wadogo usiwape kabisa. Kama huna mafuta, bana karafuu nzima karibu na jino mpaka ilainike.

Kusema kweli, kilichonilaza usingizi ni vidonge. Kwa mtu mzima, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1,000, baada ya kula, hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au mjamzito aachane na ibuprofeni, na kama tayari umemeza diklofenaki usiiongezee juu yake.

Majirani watakushauri mengi. Maji ya betri na petroli ni sumu, mjadala umefungwa. Aspirini iliyobandikwa kwenye ufizi inaacha kidonda. Na zile rangi mbili, yaani kapsuli za antibayotiki tunazokimbilia duka la dawa, hazitulizi neva iliyovimba. Antibayotiki ina kazi pale maambukizi yanaposambaa, na daktari ndiye wa kuamua. Ukiona uso unavimba, homa inapanda, mdomo haufunguki au kumeza kunakuwa taabu, usingoje asubuhi, nenda hospitali.

Maumivu yakikatika ghafla yenyewe, usishangilie. Mara nyingi neva imekufa, na usaha unaweza kujikusanya chini ya mzizi kimyakimya. Nenda tu kwa daktari. Wanaosema dawa ya jino ni kung'oa wana haraka: langu lilisafishwa mzizi, likazibwa, na hadi leo natafunia mahindi ya kuchoma.

Ukifika, mweleze jambo moja kwa usahihi: ukinywa kitu cha baridi, maumivu yanapotea mara moja au yanang'ang'ania kwa dakika? Jibu hilo linamsaidia kujua kama neva bado inaokoleka. Mwambie pia umemeza vidonge gani na saa ngapi, maana jino lililotulizwa kwa dawa linaweza kunyamaza hapohapo kwenye kiti wakati analigonga.