JE, KUNA KUSAFISHWA BAADA YA KUFA?

Kijana mwenzangu, vijiweni utasikia: "Acha nile ujana, nitatakaswa hukohuko mbele." Nani kakwambia?

Wakatoliki wanafundisha kwamba iko toharani. Mtaguso wao wa Trento ulithibitisha hivyo mwaka 1563. Wanasoma 2 Wamakabayo 12, Yuda Mmakabayo alipotoa sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa. (Kitabu hicho hakimo katika Biblia zetu.) Waorthodoksi nao huwaombea marehemu, ila moto wa toharani hawaukubali. Lakini sikiliza vizuri, maana wengi hawalijui hili: hata kwa Wakatoliki, toharani ni ya mtu aliyekufa katika neema ya Mungu. Si nafasi ya pili kwa aliyemkataa!

Sisi tuliookoka tunasema damu ya Yesu inatosha. Yule mhalifu msalabani hakuwa na muda wa kubatizwa wala wa kulipia makosa yake, na bado aliahidiwa paradiso siku ileile (Luka 23:43). Kufa ni mara moja, kisha hukumu. Soma Waebrania 9:27.

Basi unangoja nini? Leo hii, kabla watu hawajatawanyika uwanjani, njoo mbele ya jukwaa tuombe pamoja.