Chuma Kinachobaki Katika Maini

Mama, kama mtoto wako iko na ugonjwa wa SS, pengine umekwisha kumpeleka mara mingi kuongezewa damu. Ulifanya vema. Damu ile inaokoa, usiikatae muganga akisema inahitajika. Lakini kila mfuko unaingia na chuma, na mwili haujui kukitoa.

Angalia hesabu. Mfuko mkubwa wa mililita 450 unabeba chuma miligramu 200 na zaidi. Mwili wa mtu mzima unapoteza karibu miligramu 1 tu kwa siku. Wa mtoto, chini ya hapo. Kinachobaki kinajificha katika maini, kisha katika moyo, na kuviharibu pole pole. Mtoto halii juu ya hiyo, maana haimuumi.

Kimefika kiasi gani? Zamani ilibidi kuingiza sindano na kutoa kipande kidogo cha maini. Mwaka 1982 waganga wa Cleveland, Marekani, walionyesha njia nyingine, kwa chombo kinachoitwa skwidi. Ndani yake kuna pete ndogo iliyopozwa kwa heliamu ya majimaji, baridi ya digri 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo umeme unapita bila kuzuiwa, na pete inasikia nguvu ya sumaku iliyo ndogo mara mamilioni kuliko ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Mgonjwa analala tu. Sumaku dhaifu inaelekezwa kwenye maini, chuma kinaitika kidogo, skwidi inasikia. Hakuna kuchomwa. Lakini ni ya bei kali, hospitali chache sana duniani ziliinunua, na leo kazi hiyo inafanywa zaidi na mashine ya IRM.

Usingoje skwidi ifike Bukavu. Wewe uko na daftari. Kila mara mtoto anapoongezewa damu, omba waandike tarehe na mililita. Ukitoka hospitali moja ya Kadutu kwenda Panzi, beba daftari hilo. Uliza pia kipimo cha damu kinachoitwa feritini.

Tena, usimnunulie dawa ya kuongeza damu yenye chuma bila kipimo. Kwa SS damu inapungua kwa sababu chembe zake zinavunjika upesi. Mara nyingi chuma hakikosekani. (Wewe mwenye mimba, endelea na vidonge vyako vya kliniki, hayo ni mambo mengine.) Sombe, maharage na sambaza aendelee kula. Dawa za kutoa chuma ziko, na muganga anapotaka kuzianza, swali lake la kwanza ni: ameongezewa damu mara ngapi?