Mia Moja Si Watu Mia: Kusoma Grafu za Utafutaji Mtandaoni



Ndugu zangu, katika kikao cha kupanga darsa za muhula huu lililetwa pendekezo kwamba darsa ya zaka iondolewe, nafasi yake ichukuliwe na darsa ya pili ya ndoa. Hoja ilikuwa grafu ya Google Trends ya siku 30: mstari wa "ndoa" uko juu, wa "zaka" umelala karibu na sifuri. Mimi nasoma takwimu, nikaombwa nieleze grafu kama hizi zinasomwaje kabla hatujaamua. Naleta maelezo hayo hapa, kwa kuwa wengi wetu tunazitumia pia katika utafiti wa mwaka wa mwisho.

1. Nambari zinapatikanaje?
Google Trends haitoi idadi ya watu waliotafuta neno. Inachukua sampuli ya utafutaji, kisha inagawa utafutaji wa neno lako kwa utafutaji wote wa mahali hapo kwa muda huo. Fungu lililo kubwa kuliko yote hupewa 100, na mengine hupimwa kwa hilo. Basi 50 ni nusu ya kilele. Si watu hamsini, wala si asilimia hamsini ya watu. Na 0 haina maana kwamba hakuna aliyetafuta, bali data haikutosha.

2. Fungu si idadi
Tuchukue miji miwili ya mfano. Mji wa kwanza una utafutaji 1,000, na 50 kati yake ni wa neno "zaka": asilimia 5. Mji wa pili una utafutaji 200, na 20 ni wa neno hilo: asilimia 10. Mji wa pili utapewa 100 na wa kwanza 50, ingawa wa kwanza una watafutaji wengi zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo usiandike kwamba mji wenye 100 "una watu wengi zaidi".

3. Mstari kushuka si hamu kushuka
Tuseme mwaka wa kwanza neno lilitafutwa mara 100 kati ya 1,000, na miaka kadhaa baadaye mara 200 kati ya 4,000. Idadi imeongezeka maradufu, lakini fungu limetoka asilimia 10 hadi 5, na grafu itaonyesha 100 ikishuka hadi 50. Data hizi zinaanzia mwaka 2004, wakati intaneti ilikuwa ya wachache. Walioingia baadaye wametafuta pia mpira, muziki na bei za simu. Anayesema kwa grafu hiyo peke yake kwamba watu wameipa dini mgongo amesema asichokijua.

4. Neno lenyewe
Andika "saumu" na utachanganya wafungaji na wapishi wanaotafuta kitunguu saumu. "Ramadhani" ni mwezi, na pia ni jina la watu. Hapa Uganda mwenzako huenda akaandika "okusiiba" kwa Kiganda, au akatafuta kwa Kiingereza, na mstari wako wa Kiswahili usimwone kabisa. Jaribu tahajia na lugha zote, na angalia muda pia: wengi hutoa zaka mwezi wa Ramadhani, hivyo grafu ya siku 30 za mwezi mwingine haiwezi kuhukumu.

5. Funzo la mafua
Mwaka 2008 Google ilianzisha Google Flu Trends, kukisia mafua kwa maneno yanayotafutwa. Mwanzoni makisio yalikaribiana na takwimu za afya za Marekani. Katika msimu wa 2012–2013 yakazidi maradufu ya kiwango halisi cha waliokwenda kwa daktari, na mwaka 2015 Google ikaacha kuyachapisha. Mtu anaweza kutafuta neno kwa sababu ameugua, au kwa sababu amesikia habari tu. Grafu haiwatenganishi.

Tufanye nini basi? Grafu inafaa kwa mambo mawili: kuona majira ya neno moja, na kulinganisha maneno ndani ya grafu moja, mahali pamoja na muda mmoja. Kwa hiyo ni kweli kwamba siku hizo 30 "ndoa" ilitafutwa zaidi. Lakini haituambii ni wangapi katika chuo hiki hawajui nisabu ya mali yao. Mwanafunzi mwenye duka dogo anayedaiwa zaka bila kujua hatatafuta neno hilo, na huyo ndiye anayehitaji darsa.

Nimependekeza darsa ya zaka ibaki muhula huu, tuhesabu wanaohudhuria, na tupokee maswali kwa karatasi msikitini. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuitenda. Grafu nayo ni habari.

Wabillahi tawfiq.