Kabla Hujanunua Mota

Ni Jumamosi asubuhi, siku ya mazoezi, kwenye uwanja wa udongo wa magari ya rimoti nje kidogo ya Dallas, Texas. Mjomba, aliyekuwa fundi umeme wa viwanda vya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Marekani, amefungua bodi ya gari la mpwa wake juu ya meza. Mpwa anarudi na maji ya kunywa, simu mkononi.

MPWA: Mjomba, nimeipata. Hebu tazama. Mota ya Kv 5000. Nikiifunga hii, Jumamosi ijayo hakuna wa kunigusa.

MJOMBA: Itaungua, mwanangu. Na sipendi kuona pesa ya zamu za usiku ikiungua. Hiyo Kv umeielewaje?

MPWA: Si kilovolti?

MJOMBA: Siyo, na wengi hujikwaa hapo hapo. Ni hesabu ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haijabeba mzigo. Betri yetu ya seli mbili ni volti 7.4. Zidisha na 5000, unapata mizunguko 37,000. Hii iliyomo ndani ya gari lako ni karibu Kv 3000, kwa hiyo 22,200. Sasa geuka uutazame uwanja. Ile sehemu iliyonyooka ina urefu gani?

MPWA: Hatua arobaini hivi.

MJOMBA: Kama mita thelathini. Halafu kona, matuta matatu, kisha kona ya kurudi kule ulikotoka. Kwa gia ulizonazo, mota ya Kv 5000 inalipa gari mwendo wa kilomita 75 kwa saa kwenye karatasi. Utaupata wapi mwendo huo ndani ya mita thelathini za udongo? Kabla hujaufikia itabidi ushike breki. Faida hujaipata, lakini umeme umeshaunywa na joto umeshalitengeneza.

MPWA: Basi mtu anaanzia wapi?

MJOMBA: Anaanza kwa kuuliza: naingia daraja gani, na uwanja ukoje? Mota inakuja baada ya hapo. Gari lako linasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na bodi yake imeiga zile pikapu kubwa zinazoshindana kwenye viwanja vya vumbi huku Marekani. Daraja hili lilijaa watu baada ya kampuni ya Traxxas, walio hapa jirani McKinney, kutoa gari la Slash mwaka 2008. Lile la kwanza lilikuja na mota ya brashi ya raundi 12. Siku hizi klabu nyingi zinakubali mota zisizo na brashi, lakini zinaweka kikomo cha raundi. Hapa kwenu ni 13.5.

MPWA: Hizo raundi ndizo sijawahi kuzielewa. Na hiyo nusu inatoka wapi?

MJOMBA: Hapo umenigusa penyewe. Mimi nimewaindi mota miaka mingi, za pampu, za mikanda, za mashine za kusaga. Raundi ni idadi ya mara waya unavyozungushwa kwenye jino la chuma ndani ya mota. Nusu inatokea kwa sababu waya unaingilia upande mmoja na kumalizikia upande wa pili, ule mzunguko wa mwisho haukamiliki. Sasa sikiliza. Nafasi ndani ya mota ni ile ile. Ukizungusha raundi chache, unaweza kuweka waya mnene zaidi, umeme unapita kwa wingi, mota inakwenda mbio. Raundi nyingi, waya mwembamba, mwendo unapungua, lakini kwa kila ampia moja mota inasukuma kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo 17.5 ni ya taratibu kuliko 13.5, na 13.5 ni ya taratibu kuliko 8.5. Namba inaposhuka, mwendo unapanda.

MPWA: Kumbe. Mimi nilidhani kubwa ndiyo kali.

MJOMBA: Wengi hudhani hivyo wakanunua kinyume.

MPWA: Lakini kama sote tuna 13.5, mbona lile gari jekundu linaniacha?

MJOMBA: Nimelitazama tangu asubuhi. Halikuachi kwenye mnyoosho, linakuacha kwenye kutoka kona. Lako likitoka konani linatetemeka kwanza, kama mtu mwenye kigugumizi, ndipo likamate. Umeuchomeka waya wa sensa?

MPWA: Ule wenye nyuzi sita ndogo? Ulikuwa unanisumbua, nikauacha. Gari liliwaka bila huo.

MJOMBA: Liliwaka, ndiyo. Hiki kidhibiti mwendo, wanachokiita ESC, kazi yake ni kupeleka umeme kwenye koili tatu kwa zamu. Ili kijue zamu ya nani, lazima kijue sumaku ya katikati imeelekea wapi. Mota yenye sensa hukiambia, hata ikiwa imesimama kabisa. Bila sensa kinabahatisha kwa kusikiliza umeme mdogo unaorudishwa na koili iliyopumzika, na mota ikienda polepole umeme huo ni hafifu mno. Ndiyo huo mtetemo wako. Ukishika kasi unapotea, lakini mbio za udongo nusu yake ni kuanza upya: unatoka konani, unatua kutoka kwenye tuta, unageuzwa na mwenzako unaanza tena. Chomeka waya huo. Na hakikisha A imekwenda kwa A, B kwa B, C kwa C.

MPWA: Kwani zikipishana? Fundi mmoja aliniambia ukibadilisha mbili gari linarudi nyuma tu.

MJOMBA: Hakukudanganya, alikuwa anasema habari ya mota isiyo na sensa. Hata kule Tanga kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, mota ya fezi tatu ukibadilishana fezi mbili inageuka upande wa pili. Nilifanya hivyo mara nyingi. Lakini hii yenye sensa imeshafungamanishwa: sensa inasema hivi, waya unaleta vile, mota inapigana na nafsi yake na kidhibiti kinaweza kuungua. Ukitaka igeuke, badilisha kwenye mipangilio ya kidhibiti, nyaya uziache.

MPWA: Nimechomeka. Je, taimingi? Wenzangu wanazungusha kifuniko cha nyuma cha mota.

MJOMBA: Ukikizungusha, umeme unaiwahi sumaku kabla haijafika mahali pake. Mizunguko inaongezeka, lakini ampia nazo zinaongezeka, na joto. Daraja lenu haliruhusu kidhibiti kuongeza taimingi yake chenyewe. Ndiyo maana taa yake inametameta kabla ya mbio, ili msimamizi aione. Iliyobaki ni hiyo ya kifuniko, na mimi ningeiacha katikati mpaka ujue kuendesha mizunguko kumi bila kupinduka. Weka gari chini. Endesha dakika tano kamili kama uko mashindanoni, kisha uniletee hapa kabla halijapoa.

(Mpwa anapanda jukwaani. Baada ya dakika tano anarudi na gari. Mjomba anaelekeza kipimajoto kwenye mota.)

MPWA: Safari hii halikutetemeka hata mara moja!

MJOMBA: Nimeona. Lakini soma hapa.

MPWA: 184.

MJOMBA: Kwa Farenhaiti. Ni kama 84 ya Selsiasi. Mimi nikifika 160 naanza kufikiri, 180 nasimama. Unajua kwa nini naogopa joto kuliko kitu chochote? Waya wa koili umepakwa vanishi. Ikiungua, raundi zinagusana, na mota hiyo haina maisha tena. Nimeinusa harufu hiyo kiwandani usiku wa manane, na ukishaijua huisahau. Na kabla ya vanishi kuna sumaku. Sumaku za mota hizi ni za neodimiamu, zina nguvu kubwa sana, lakini zikizidishiwa joto zinapoteza sehemu ya nguvu hiyo na hairudi hata zikipoa. Mtu anaona gari limekuwa zito, anaongeza gia, joto linazidi, sumaku zinadhoofika tena. Nimewaona vijana wakiua mota tatu kwa msimu mmoja kwa njia hiyo, na kila mara wanalaumu mota.

MPWA: Sasa nifanyeje? Nifunge feni?

MJOMBA: Feni ifunge, hapa Texas mwezi wa saba hata kivuli kina moto. Lakini feni inaondoa joto lililokwisha kutengenezwa. Tunataka lisitengenezwe. Hesabu meno ya gia kubwa.

MPWA: 86. Na pinioni ya kwenye mota ni 23.

MJOMBA: Gawa 86 kwa 23, halafu zidisha na 2.72, hiyo ni ya gia za ndani ya boksi.

MPWA: 10.17.

MJOMBA: Maana yake mota inazunguka mara kumi na zaidi kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Sasa ondoa meno mawili kwenye pinioni. 86 kwa 21, mara 2.72, ni 11.14. Mota inapata wepesi, kama mtu aliyeshuka gia ya baiskeli kupanda mlima. Kwa matairi yako ya milimita 109 mwendo wa juu unashuka kutoka kilomita 45 kwa saa hadi 41. Kwenye mita thelathini hizo kilomita nne hutaziona. Utakachokiona ni gari kuruka kutoka konani.

MPWA: Pinioni ni dola chache tu.

MJOMBA: Ndiyo maana nakuambia ununue pinioni tano kabla ya mota moja. Fungua skrubu. Acha uwazi mdogo kati ya meno. Ukibana sana gia zitalia na joto litarudi kwa mlango mwingine.

MPWA: Na yule mwenye gari la magurudumu manne? Yeye mota yake ni ndefu kuliko yangu.

MJOMBA: Ile ni saizi ya 550. Unene ni ule ule wa milimita 36, urefu ndio umezidi, na sumaku yake ina nguzo nne badala ya mbili. Gari lake ni zito na linazungusha difu tatu, kwa hiyo linahitaji msuli. Ukiifunga kwenye lako unaongeza uzito nyuma na nguvu ambayo matairi mawili hayawezi kuipeleka ardhini. Gari litazunguka kama pia.

MPWA: Betri yangu imeandikwa mAh 5000, halafu 50C.

MJOMBA: Ukizichukua namba hizo kama zilivyo, ampia-saa 5 mara 50, ni ampia 250. Usizitegemee sana, watengenezaji hupenda kujisifu kwenye C. Ishike betri baada ya mbio: ikiwa ya moto sana inalemewa, na ikivimba haifai tena. Chaji kwa ampia 5, isipite volti 8.4, na weka kidhibiti kikate kwenye 3.2 kwa kila seli. Usiku ibaki 3.8, ndani ya mfuko wake, kamwe isibaki ndani ya gari lililoegeshwa juani. Hilo nakuomba kama mjomba wako, maana betri inaweza kuchoma nyumba.

MPWA: Nimekuelewa, mjomba. Kwa hiyo pesa yangu niipeleke wapi?

MJOMBA: Kwenye sevo, ile inayogeuza matairi ya mbele. Hii uliyonayo ni dhaifu. Gari la udongo likitua huku tairi limepinda, sevo hafifu inasukumwa na tairi badala ya kulisukuma. Tafuta yenye nguvu ya kilo-sentimita 10 au zaidi, na iwe ya haraka, sekunde 0.1 kwa nyuzi 60 au chini ya hapo. Ila kumbuka inakula umeme kupitia kidhibiti hicho hicho. Kidhibiti kikiwa dhaifu, volti zinashuka unapokata kona kwa nguvu, risiva inayopokea amri za rimoti inajizima na kuwaka, na kwa nusu sekunde gari halina dereva. Na ukifunga risiva, iweke ishike breki yenyewe mawasiliano yakikatika. Kuna watoto wamesimama pembeni ya uwanja kurudisha magari yaliyopinduka.

MPWA: Kumbe mota ni kitu cha mwisho kabisa.

MJOMBA: Si cha mwisho. Utaihitaji siku moja, ukipanda daraja. Lakini kuna jambo mota hii bado haijakufundisha. Gari lako likiruka tuta, pua inaelekea wapi?

MPWA: Juu. Na bodi inashika upepo kama tanga.

MJOMBA: Likiwa hewani, gusa breki. Magurudumu yakisimama ghafla, pua inashuka. Ukiongeza mafuta inapanda. Huo ni usukani wako wa angani, na unaufanya kwa kidole kimoja. Mota kali usiyoizoea itakupindua ukijaribu. Nenda, dakika tano tena.

(Mpwa anakwenda. Mjomba anafuatilia kila mruko kwa macho. Gari linarudi likiwa na vumbi jekundu hadi kwenye antena.)

MPWA: Nimelishusha pua mara mbili! Mara ya tatu nilichelewa. Pima, mjomba.

MJOMBA: Pima mwenyewe.

MPWA: 161.

MJOMBA: Chukua daftari. Andika tarehe, joto la hewa, pinioni 21, taimingi katikati, udongo mkavu.

MPWA: Nimeandika. Lakini mjomba, tazama, wameanza kuumwagilia uwanja.

MJOMBA: Udongo ukilowa tairi linashika zaidi, na mota inabeba zaidi. Futa “mkavu” huo, andika “umelowa”, acha nafasi ya namba. Betri ya pili iko tayari?

MPWA: Iko tayari.

MJOMBA: Ifunge, twende tukaione.